Risasi Tulizotiwa Ulaya

Mwezi uliopita fundi mmoja kijana hapa Kilosa alitoa kopo la bati chini ya kiti cha nyuma cha gari la marehemu baba yangu, akafungua kifuniko, nami nikawa mtoto tena. Ilikuwa harufu tu. Kopo lilikuwa kavu, ndani mna kitambaa kilichokunjwa, lakini petroli ya zamani ilikuwa bado imo humo, nzito na tamutamu, ile iliyokuwa ikituvuta watoto tusogelee tangi mpaka mtu mzima atufukuze. Ya siku hizi ni kali na nyembamba, inapita puani na kwenda zake. Wenzangu mliokua enzi za foleni ya sukari mnajua ninachosema.

Fundi naye akanusa, akatikisa kichwa kwa heshima.

“Hii ndiyo ile petroli ya zamani, mama, yenye risasi,” alisema. “Gari hili lilitengenezwa litumie hiyo. Risasi, yale madini, ndiyo iliyokuwa ikizilinda valvu zisichimbe viti vyake. Petroli ya sasa haina risasi kabisa, ndiyo maana injini yako imeishiwa nguvu.”

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika boneti nisianguke, na kijana wa watu, aliyejua kwamba tumetoka juzi tu kwenye arobaini ya baba, akakimbia kunitafutia kiti. Alidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwemo pia, sikatai. Lakini hasa nilicheka kwa sababu katika ukoo wetu hakuna anayeweza kutamka “risasi” na “petroli” kwa pamoja bila kunitazama mimi.

Gari lenyewe linaitwa Subira. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kimamba, na mashamba yalipochukuliwa na umma, meneja wake alifungasha akarudi kwao, akamwachia Baba gari hilo dogo la rangi ya maziwa, lenye mgongo wa mviringo na taa zilizotoa macho. Jina alilitoa Mama. Alisema gari ambalo kila asubuhi lazima lizungushwe hendeli, libembelezwe, litukanwe kidogo, kisha lizungushwe tena, halina jina jingine. Baba alilipokea jina hilo kama sifa. “Subira yavuta heri,” alikuwa akisema huku akifuta jasho, na Mama alikuwa akijibu kutoka jikoni kwamba heri yenyewe ivutwe basi ifike, watoto wanachelewa shule.

Tulikaa Mabwerebwere, hapa Kilosa, na Subira alikuwa na tabia moja iliyomfanya ajulikane mpaka ng’ambo ya mto Mkondoa: alikuwa akilipuka. Unakwenda naye vizuri, Baba akiinua mguu kwenye mteremko, mara eksozi inapiga PA! Kuku walitawanyika. Mama mmoja jirani aliwahi kuangusha ndoo ya maji, akalala kifudifudi kwenye njia ya shule. Baba alikuwa akipunga mkono wa kuomba radhi na kuendelea na safari.

Mafuta yalikuwa shida enzi zile. Ulikuwa ukipata petroli leo, hujui utaipata lini tena, na wengine waliichanganya na mafuta ya taa ili iwe nyingi. Baba aliwachukia watu hao kuliko alivyowachukia wezi wa kuku. Alikuwa na hotuba yake juu ya jambo hilo, na siku moja alikuwa akimtolea mdogo wake, baba mdogo Selemani, chini ya ukuta wa nyumba yetu, mimi nikiwa nimekaa kizingitini nachambua mchele.

“Petroli ya maana ina risasi, Selemani,” Baba alisema. “Wanaitia huko huko Ulaya kabla haijafika kwetu. Bila risasi injini inagonga, inajila yenyewe mpaka inakufa. Wewe unafikiri nguvu ya kupanda mlima inatoka wapi? Ni risasi ile!”

Mkono wangu ukasimama katikati ya ungo.

Risasi nilizijua. Jirani yetu mmoja alikuwa askari wa wanyamapori, na mwanawe alikuwa na ganda la risasi alilokuwa akilipuliza kama filimbi. Ulaya nako nilikujua. Kwa asiyeijua wilaya yetu, Ulaya ni kijiji, kiko njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi, na shemeji yake bibi alikuwa akitoka huko na mihogo ya kuchoma na mahindi mabichi. Ile Ulaya nyingine, ya baridi na wazungu, nilikuwa sijaisikia, au kama niliisikia nilidhani ni hiyo hiyo. Watu waliposema saa fulani imetoka Ulaya, au kitambaa hiki ni cha Ulaya, sikushangaa. Hata mahindi yetu yalitoka huko.

Kwa hiyo siku ile nilielewa kila kitu. Kule kwa shemeji yake bibi kulikuwa na watu wanaotia risasi kwenye petroli. Subira alikuwa akizimeza, na zikimzidi tumboni alikuwa akizifyatua kwa nyuma. Ndiyo maana alilia PA! Kilichonishangaza ni utulivu wa watu wazima. Walikuwa wakipanda gari hilo wakiongea habari za mvua.

Sasa nieleze shida ya baba mdogo Selemani, maana yeye ndiye mwenye safari. Baba mdogo alikuwa amemchumbia binti mmoja wa Mikumi aitwaye Asha, na alimpenda kiasi kwamba alikuwa akisahau kula, jambo ambalo kwa baba mdogo lilikuwa la hatari. Baba yake Asha, Mzee Kibwana, alikuwa amestaafu kazi ya reli. Alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na maisha yake yote aliyapima kwa saa hiyo. Magari hakuyapenda. Kwake chombo cha safari kilikuwa treni, inayopita juu ya njia yake na haiombi petroli kwa mtu.

Siku ya kwanza iliyopangwa ya ndoa, watu wa Kilosa waliondoka na Subira alfajiri. Baba alikuwa amenunua debe la petroli kwa mtu mmoja Dumila, na petroli ile ilikuwa nusu yake mafuta ya taa. Subira aligonga, akakohoa, akazima porini kabla ya nusu ya njia. Baba mdogo alikaa kwenye jiwe na kanzu yake, akilitazama gari, mpaka lori la mbao lilipopita jioni likawachukua. Walifika Mikumi pilau imepoa na shehe ameshaondoka. Mzee Kibwana aliwapokea mlangoni, saa mkononi.

“Nitawapa Jumapili moja,” aliwaambia. “Jumapili serikali inazuia magari ya watu kuanzia saa nane mchana, ili mafuta yasiishe. Basi saa hiyo hiyo na mimi nazuia. Mkifika kabla, mke mnaye. Ikipita saa nane hamjafika, Asha ana mchumba mwingine, na huyo atakuja na treni.”

Tena, akiwa ameshageuka kuingia ndani, alimwita Subira kopo la samli.

Mnaweza kuuliza kwa nini wasingepanda treni. Mama naye aliuliza. Lakini Baba alikuwa ameumia. Alisema gari lake limetukanwa, na gari lake ndilo litakalokwenda kujisafisha.

“Sasa anayeoa ni Selemani au ni Subira?” Mama alimuuliza.

Baba akaanza kukusanya petroli nzuri, kidogo kidogo, kwenye kopo la bati alilolificha chini ya kitanda. Akaliziba kwa kipande cha sabuni lisivuje, sabuni ambayo Mama alikuwa ameipangia foleni, na kwa wiki nzima maneno ndani ya nyumba yalikuwa machache.

Jumapili ikafika. Ndani ya Subira tulikuwa wanne. Baba alishika usukani. Baba mdogo alikaa pembeni yake, kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia mpya, na uso wa mtu anayekwenda kunyongwa. Nyuma alikaa bibi, mama yao, ambaye mguu wake ulikuwa mbovu na hangeweza kutembea mbali, na mimi nilipelekwa kwa ajili yake, nimshikie mkoba wake wa ugoro. Mama alibaki na mdogo wangu mchanga.

Nilijua tangi liko nyuma yetu. Nilijua pia kwamba bibi ni mnene na mimi ni mwembamba, kwa hiyo risasi zikitoka kwa mbele badala ya kwa nyuma, zitampata yeye kwanza. Nikachukua mto wa kitanda changu, nikaupachika kati ya mgongo wake na kiti. Gari likiruka kwenye shimo mto ulikuwa ukiteleza, nami nikausukuma tena mahali pake.

“Mwone mjukuu wangu,” bibi aliwaambia wanawe, machozi yakimlengalenga. “Ananijali kuliko nyinyi wote. Mungu akukuze, mwanangu.”

Sikumwambia ni kwa sababu gani. Sikutaka kumtia hofu siku ya furaha. Lakini namkumbuka alivyonishika mkono wangu safari nzima, na mpaka leo naona haya kidogo, na raha pia, kwa baraka nilizozipata kwa njia hiyo.

Subira alikwenda vizuri. Baba alianza kuimba. Jua lilikuwa bado halijawa kali tulipofika kijiji cha Ulaya, na Baba akasimamisha gari karibu na kisima. Nilichungulia dirishani nizione risasi zinavyowekwa.

Kijana mmoja alikuja na ndoo, akamimina maji kwenye rejeta, mvuke ukapanda. Kisha Baba akaenda nyuma, akatoa kopo lake la bati, akabandua sabuni kwa kisu, akaimimina ile petroli yake yote kwenye tangi, polepole, bila kudondosha hata tone. Harufu ikajaa gari zima. Akalipigapiga gari mgongoni.

“Haya, Subira,” alisema kwa sauti. “Sasa umepata risasi zako. Twende!”

Mimi niliziba masikio. Hata kama nilikuwa na shaka kidogo mpaka hapo, sasa ilikuwa imekwisha. Na kweli, tulipoanza kuteremka upande wa pili wa kijiji, Subira akapiga PA! mpaka nyani waliokuwa barabarani wakaparamia miti. Baba na baba mdogo walicheka kwa furaha. Niliwaona ni watu mashujaa sana.

Kizuizi cha polisi kilikuwa mwisho wa barabara yetu, pale inapoingia Mikumi. Ni gogo lililowekwa juu ya mapipa, kibanda cha mabati, askari kijana mrefu aliyesimama juani, na ndani ya kibanda sajini wake akila karanga. Walikuwa wakitafuta bidhaa za magendo, na zaidi walikuwa wakitafuta majangili, maana mbuga ilikuwa jirani na pembe za tembo zilikuwa zikitoroshwa. Muda ulikuwepo wa kutosha. Mzee Kibwana alikaa upande wa stesheni, siyo mbali. Baba mdogo alikuwa ameanza kurudiwa na rangi usoni.

“Ndugu dereva, mmebeba nini?” askari aliuliza.

“Harusi, ndugu,” Baba alijibu, meno yote nje. “Bwana harusi huyu hapa. Tunakimbizana na saa nane.”

Askari akatazama ndani ya buti, akaona mchele, kanga na mkungu wa ndizi. Akarudi mbele akitabasamu, mkono tayari kuinua gogo. Na kwa kuwa alikuwa mtu mzuri, mtu wa kupenda watoto, akainama dirishani kwangu.

“Na wewe, binti? Umebeba nini?”

“Shikamoo.”

“Marahaba.”

“Nimebeba ugoro wa bibi.”

“Ahaa. Na humu ndani kuna nini kingine?”

Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtu mkubwa akikuuliza, umjibu kweli.

“Kuna risasi,” nikasema.

Tabasamu lake likabaki pale pale, ila halikuwa tabasamu tena. “Kuna nini?”

“Risasi. Ziko kwenye tangi. Tumetiwa Ulaya.”

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Siku ile mdomo wangu uliponza vichwa vinne. “Shukeni wote!” askari alipiga kelele, na bibi akasema neno moja la Kisagara ambalo sitaliandika hapa.

Baba alijaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza mambo yaliharibika. “Ndugu, ni risasi ya kwenye petroli,” alisema.

“Kwa hiyo ziko kwenye petroli?”

“Ndiyo. Hapana! Yaani imo, lakini haionekani.”

“Mmezificha.”

“Hazijafichwa, ndugu yangu, zimeyeyushwa!”

Viti vikatolewa. Mchele ukamwagwa kwenye kanga na kuchambuliwa punje kwa punje, saa zikienda. Askari akakata fimbo, akaitumbukiza kwenye tangi, akaitoa, akainusa. Akamwamuru Baba alisogeze gari pembeni, na Baba alipoliwasha na kuinua mguu, Subira, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akapiga PA! Askari akaruka nyuma ya pipa. Baba mdogo akakaa chini vumbini na kanzu yake nyeupe, akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Asha,” alisema.

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Mpaka wakati ule nilikuwa najiona nimefanya vizuri. Nilimwona baba mdogo amekaa vile, nikajua kuna kitu nimekivunja ingawa sikujua ni kipi, na nililia kwa sauti ambayo ilimtoa sajini kibandani na karanga zake.

Alikuwa mtu wa makamo, kitambi mbele. Alichuchumaa mbele yangu, akanipa karanga kwanza. “Nyamaza, mama. Hizo risasi umeziona kwa macho?”

“Hapana. Lakini zinalia.”

“Nani aliyekuambia zimo?”

“Baba.”

Watu wote wakamgeukia Baba, ambaye alikuwa kama mtu anayesikiliza hukumu yake.

“Alikuambiaje?”

Nikajipangusa pua, nikakunja mikono nyuma kama Baba anavyofanya, nikatoa hotuba yake yote kwa sauti yake: kwamba petroli ya maana ina risasi, kwamba wanaitia huko huko Ulaya, kwamba bila risasi injini inagonga, inajila yenyewe mpaka inakufa.

Sajini akaangalia juu. Akaiangalia barabara tuliyotoka nayo, upande wa kijiji cha Ulaya. Mabega yake yakaanza kutikisika.

“Ulaya,” alisema taratibu. “Ulaya ile! Ya mihogo!”

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Akamweleza askari, askari akacheka, akamweleza muuza machungwa aliyekuwa amesogea kuangalia majangili, na muuza machungwa akakimbia kuwaeleza wenzake. Baba alicheka kwa woga, huku akirudisha viti. Bibi ndiye hakucheka. Alinitazama, akautazama mto.

“Na huu mto je?” aliniuliza.

“Zisikupate mgongoni,” nikasema.

Bibi akanivuta kifuani, akanibana mpaka nikanusa ugoro.

Kisha sajini akaangalia saa yake, na kicheko kikamwisha. “Jamani, saa nane ndiyo hii,” alisema. “Mkiwasha gari sasa, mimi mwenyewe niliyewachelewesha ndiye nitakayewakamata. Sheria ni sheria.”

“Basi tukimbie kwa miguu,” Baba akasema.

“Na mama?” baba mdogo akauliza. Alikuwa amesimama, vumbi limemshika mpaka kifuani. Akamtazama bibi na mguu wake, akamtazama sajini. “Afande, sheria imesema gari lisiendeshwe, sivyo?”

“Ndivyo.”

“Imesema lisisukumwe?”

Sajini akafikiri. Aliifikiria sana sheria ile, nadhani, kuliko alivyowahi kuifikiria. “Haikusema,” alijibu.

Baba mdogo akavua koti, akampa bibi. Akazunguka nyuma ya Subira, akaweka mikono juu ya buti, akainamisha kichwa na kusukuma. Yule askari kijana, aliyekuwa hajui aangalie wapi, akaegemeza bunduki kibandani, akaweka bega lake pembeni. Muuza machungwa akaja, na wenzake, na wanawake waliokuwa wakitoka kisimani. Tulivuka barabara kuu namna hiyo, sajini akitutangulia, injini kimya kabisa, Baba kwenye usukani, bibi na mimi nyuma kama mabibi harusi, na watu wakiimba wimbo wowote uliowajia. Sijawahi kusafiri vizuri hivyo tangu nizaliwe. Nilichungulia kioo cha nyuma nikaona kofia mpya ya baba mdogo inapanda na kushuka, na jasho limechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

Mzee Kibwana alikuwa amesimama uani kwake, mbele ya shehe na wageni, saa mkononi. Alitungoja mpaka Subira aliposimama mbele ya miguu yake. Wimbo ukafa.

“Saa nane imepita,” alisema.

Nilimwona baba mdogo anatoka nyuma ya gari, akitweta, akijaribu kuikung’uta kanzu na kuichafua zaidi. “Shikamoo, baba,” alisema, na sauti haikutoka vizuri.

Sajini ndiye aliyejitokeza. “Mzee, hawa walifika Mikumi mapema. Mimi ndiye niliyewazuia.”

Mzee Kibwana akaitazama saa, akaufunga mfuniko wake, tik, na kuirudisha mfukoni.

“Kwa hiyo ishara ilikuwa nyekundu,” alisema.

“Naam?”

“Nimefanya kazi ya reli toka ujana wangu. Treni iliyosimamishwa na ishara haijachelewa. Imetii.” Akamgeukia baba mdogo, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. “Mara ile gari lilikuzimikia, ukakaa kwenye jiwe kulitazama. Watu wa lori waliniambia. Nikajiuliza, huyu nitampa mwanangu, mambo yakimzimikia atakaa kwenye jiwe? Leo umesukuma. Ingia ndani, kanawe, shehe anakungoja.”

Vigelegele vilivyopigwa vilitoka kwanza ndani ya chumba kimoja chenye pazia, kabla ya bibi, kabla ya mtu yeyote. Miaka mingi baadaye mama mdogo Asha alikiri kwamba ni yeye, na kwamba asubuhi ile alikuwa amepanda juu ya kiti na kuirudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani, akisahau kwamba baba yake haamini saa isiyokaa mfukoni mwake.

Tulipokuwa tukila pilau, ya moto safari hii, Mzee Kibwana aliuliza ni nani hasa aliyewasha ile ishara nyekundu. Vidole vyote vikanielekea. Akaniita, akaniweka gotini, akasikiliza habari yote ya Ulaya bila kucheka hata mara moja, akitikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa ya kazi. Kisha akasema nitaitwa Risasi. Upande ule wa familia wengi hawajui jina langu jingine.

Haya yote nilimsimulia fundi kijana gerejini, nikiwa nimekaa kwenye kiti alichoniletea. Kaka zangu walikuwa wameshauri tuliuze gari, maana petroli yake haiuzwi tena duniani. Fundi akasema si lazima. Viti vya valvu vinaweza kutolewa na kuwekwa vipya vya chuma kigumu, na gari likaenda na petroli hii hii ya sasa. Nikamwambia afanye hivyo. Lile kopo la Baba nililirudisha chini ya kiti na kitambaa chake.

Juzi niliendesha Subira mpaka Mikumi kuwachukua baba mdogo na mama mdogo, waje Kilosa kulizuru kaburi la kaka yao. Gari lilipanda milima bila kugonga. Nilipopita Ulaya nilipiga honi. Niliwakuta wamekaa barazani tayari, baba mdogo na kofia yake, miguu imechoka, na alipouona ule mgongo wa mviringo unaingia uani, alilia machozi wazi wazi, akalishika gari pale pale kwenye buti alipolishika siku ile. Mimi nami nililia. Kisha nikamsaidia kukaa mbele.

Mama mdogo alipandia nyuma. Akakaa, akaitengeneza kanga yake, halafu akawa hatulii, anapapasa kiti kushoto na kulia.

“Mto uko wapi?” aliuliza.

“Mama mdogo, mto wa nini? Fundi amesema petroli ya siku hizi haina risasi.”

“Ya kwenye tangi nimesikia,” alisema. “Na huyu Risasi anayeendesha je?”

Nikashuka, nikaenda ndani kumletea mto.